Mwenye Nywele Aliyeacha Bendi

Nilimwamkia kwanza. Hilo nataka lieleweke kabla ya mengine, kwa sababu wale wa duka la kanda za muziki walipolisimulia baadaye walisema niliingia kwao kama mgambo. Niliingia na mtoto kiunoni, blauzi nimeifunga vifungo vya juu tu, nikasema, "Shikamoo mzee," na Mzee Odhiambo, aliyekuwa kwenye stuli karibu na spika, akaitika, "Marahaba, mwanangu," bila kufumbua macho. Baada ya hapo nikapeleka mkono juu ya kaunta, nikabonyeza kitufe, deki ikafungua mdomo, nikachomoa kanda nikaondoka nayo. Nilikuwa nimeshafika kwenye korido ndipo nikamsikia Masanja, mwenye duka, akisema taratibu, "Shemeji amechukua kanda," kana kwamba wenzake hawakuwa na macho.

Makelele yao nilikuwa nimeshindwa nayo siku nyingi. Ukuta uliotutenganisha ulikuwa wa tofali moja, na kila spika ya Masanja ilipotingishika, vikombe vyangu rafuni viliitikia. Kilichonitoa chumbani siku ile ni adabu. Mwalimu Bahati, msomi wao, alikuja mlangoni kwangu mikono ameikutanisha mbele kama anayeomba kura, akasema, "Mama Leti, samahani sana. Sasa hivi kinakuja kipande cha gitaa tupu, hakina ngoma. Tulikuwa tunaomba usimamishe mashine kidogo. Inaingia kwenye muziki." Mashine yenyewe ni ya kufuma masweta, ile ya kusukuma mpini kulia na kushoto juu ya safu ya sindano. Mtoto wangu walikuwa wamemwamsha tangu chakula cha mchana, nimembeba mgongoni huku nafuma, jasho linanichuruzika mpaka kwenye nyuzi, halafu mtu mzima mwenye chaki kwenye mfuko wa shati anakuja kuniambia kwamba mimi ndiye ninayepiga kelele. Nilimhamishia mtoto kiunoni, nikampita mlangoni.

Nayakumbuka haya kwa sababu juzi tumemzika Masanja. Alikuwa amehamia Buswelu siku nyingi, amejenga huko, duka la kanda lilishakufa kabla yake kama yalivyokufa maduka yote ya namna hiyo. Chini ya turubai la msiba nilikaa na Mwalimu Bahati, sasa ana fimbo na meno ya kununua, akaniwekea simu yake sikioni, gitaa linapigwa. Nikamwambia, "Umekosea, si muziki wa ile kanda huu. Huu unasinzia." Akacheka mpaka wanawake waliokuwa wakimenya ndizi wakageuka. "Ndio wenyewe, Mama Leti. Kwa Masanja ndiko ulikokuwa unakimbia. Ile deki yake ilikuwa na haraka." Kumbe mwaka mzima tulimpenda mpiga gitaa kwa mwendo ambao hakuwahi kwenda. Nilimrudishia simu yake. Nilijisikia kama mtu aliyeonyeshwa picha ya rafiki yake akiwa mzee, na nikagundua kwamba nilikuwa namlilia Masanja kwa namna ambayo nilipokuwa mbele ya jeneza sikuweza.

Mwaka ule wa kanda ulikuwa mwaka ambao kila kitu kilikuwa kinafunguliwa. Wenye vyumba vya mbele walibomoa madirisha wakaweka milango ya duka. Mitumba ilimwagwa chini kuanzia sokoni mpaka Kirumba, ndege za mizigo ziliondoka na minofu ya sangara, sisi tukabaki na vichwa, na vichwa vile, nisiwe mwongo, ukivichemsha na nyanya na limau vilikuwa vitamu. Nilikuwa nimepanga chumba Kitangiri, kwenye nyumba iliyoegemea jabali kubwa kiasi kwamba jioni joto la jiwe liliendelea kuingia dirishani jua likiwa limeshazama. Habari za ukoo nitaziacha. Itoshe kusema kwamba mume wangu alikuwa anachimba dhahabu Geita, akija na kuondoka na vumbi lake, na kwamba nilikuwa nimeolewa kwenye mji wa wakwe Sengerema, ambako kijiko changu mwenyewe kilikuwa na mahali pake pa kuwekwa na mahali penyewe sikupachagua mimi. Nilivuka kivuko cha Busisi na mashine ya kufuma mapajani na mimba tumboni. Mama mkwe hakunizuia. Alisema tu, "Nenda, mwanangu. Ukishindwa kulipia chumba, njia ya kurudi unaijua." Kwa hiyo kila sweta la shule lililotoka kwenye ile mashine lilikuwa linaniweka mjini, na kila mchana mtoto aliokosa usingizi ulikuwa unanisogeza kwenye kivuko. Mtu asiyejua hilo angedhani nilikuwa na hasira za bure.

Duka la Masanja lilikuwa la kurekodi. Ulikuja na kanda tupu, au ukaikuta hapo, ukachagua nyimbo, ukarudi kesho yake. Alikuwa Msukuma mrefu, mpole, aliyependa kusema "kulekodi" na asiyejali ukimcheka. Kanda niliyoichukua ilikuwa ya mzungu mpiga gitaa, na aliletewa na mzungu mwingine, mmoja wa wale waliokuwa wakizunguka porini kutafuta mahali pa kuchimba, aliyetaka apatiwe nakala ya kusikiliza garini kisha hakurudi kuchukua hata moja. Ilikuwa na karatasi yake ndani, na kwenye karatasi picha ya mwanaume mwenye nywele zilizofika kwenye mkanda wa suruali, ameinamia gitaa kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka. Jina lake hawakulishika. Walimwita Mwenye Nywele. Masanja alipoipiga mara ya kwanza nilidhani kuna gari limegonga nyumba.

Sasa sikia jinsi watu wazima wanavyopoteza muda. Mzee Odhiambo alikuwa ametoka Mara akiwa kijana, akapiga besi kwenye bendi ya dansi ya mji huu mpaka bendi ikafa na vyombo vikauzwa, na nchani mwa vidole vyake ngozi ilikuwa bado ngumu kama kwato. Aliposikia kwamba Mwenye Nywele alikuwa na kundi maarufu, na kwamba hii ni albamu yake ya kwanza peke yake, hakuuliza habari ya muziki. Aliuliza kile ambacho kila mpenzi wa dansi angeuliza.

"Nani kamnunua?"

"Hawajaandika kwamba kanunuliwa," Mwalimu Bahati akasema, karatasi ameishika karibu na pua. "Wameandika katoa albamu peke yake."

"Peke yake maana yake kafukuzwa," Masanja akasema.

"Au kaondoka na vyombo vya watu," Mzee Odhiambo akasema. "Mwanamuziki mwenye gitaa lake hapigi hivyo. Huyu anapiga kama mtu anayejua kesho watakuja kulichukua."

Haya yote nayasikia ukutani, nafuma. Halafu wakaingia kwenye ugonjwa wenyewe. Mwanamuziki akihama bendi, wimbo wake wa kwanza huko aendako ni wa kuwapiga vijembe aliowaacha. Hilo lilijulikana kama inavyojulikana kwamba mvua inatoka juu. Basi kazi yao mchana wote ikawa kutafuta kijembe. Mwalimu Bahati alibanwa atafsiri. Maskini Kiingereza chake kilikuwa cha darasani, na yule mzungu aliimba kama mwenye kiazi cha moto mdomoni.

"Hapa anasema njia ni ndefu."

"Ndefu kutoka kwa nani?"

"Hajasema kutoka kwa nani, mzee. Ni njia tu."

"Rudisha. Anamtaja mtu hapo, wewe husikii."

Walirudisha, wakarudisha tena. Ilipoonekana kwamba maneno hayana tusi hata moja, Mzee Odhiambo akaamua kwamba tusi limo kwenye kile kipande kisicho na maneno, kile cha gitaa tupu, na kwamba mtu mzima mwenye heshima akitaka kutukana ndivyo anavyofanya. "Msikilizeni," alisema, na sauti yake ilishuka. "Hapa anamwambia kiongozi wa bendi: ulinilaza njaa Tabora. Hapa: wewe ulipanda treni, mimi nikapandishwa lori la mizigo na magitaa. Na hapa anamwuliza, mwanangu alipougua, ulinipa nini?" Nilimsikia Masanja akiguna. Hakuna aliyemwuliza mzee ni lini Mwenye Nywele alifika Tabora.

Kipande hicho ndicho walichotaka niwazimie mashine. Hicho ndicho nilichokipora.

Niliificha kanda ndani ya sufuria ya unga wa muhogo, nikaketi, nikamnyonyesha mtoto mpaka pumzi zetu zote mbili zikatulia. Nilikuwa na redio kaseti ndogo ya betri. Sijui niseme ni udadisi au ni ile tabia ya mtu anayepigwa kutaka kuiona fimbo. Niliikung'uta kanda unga, nikaiweka, sauti chini kabisa, nikaegemeza sikio. Bila ukuta katikati ulikuwa muziki mwingine. Zile ngoma zilizokuwa zikitingisha vikombe vyangu zilikuwa zinakaa nyuma, na gitaa lilipita juu yake likipiga kelele kwa raha, kama watoto wanavyopiga kelele wakiteleza kwenye majabali ya ziwani, ambazo ukizisikia kwa mbali unadhani mtu anaumia. Nikafika kwenye kile kipande. Magitaa yalikuwa mawili. Moja lilisema kitu, la pili likakisema tena kwa kukipinda kidogo, kisha yakacheka pamoja. Nilikirudisha nyuma. Mtoto wangu Leticia aliacha ziwa akageuza kichwa kuitazama redio, maziwa yanamtoka pembeni ya mdomo. Nikakirudisha tena. Mashine sikuigusa mpaka jioni, na siku hiyo hasara ilikuwa yangu kwa kutaka mwenyewe.

Walikuja watatu, wakasimama kwenye korido kama wachumba. Masanja alikuwa ameshika mfuko wa michembe, zawadi ya viazi vikavu kutoka kwao. "Shemeji, tumekosa," akasema. "Nina wateja wa kulekodi, lakini hilo si kitu. Mzee hajala."

"Sijakataa kula," Mzee Odhiambo akasema. "Nimesema sina hamu."

Niliwakaribisha kwa sababu mzee hasimamishwi mlangoni. Walikaa kitandani, hapakuwa na pengine. Nikamwuliza Mwalimu, lile gitaa la pili kwenye kipande kitupu anapiga nani. Akatoa ile karatasi mfukoni, akaisoma juu hadi chini, akasema, "Ni yeye. Imeandikwa magitaa yote ni yeye."

"Basi mzee, unisamehe, hamtukani mtu," nikasema. "Mimi nimemsikiliza. Huyu mtu amehamia chumba chake. Anaweka kiti hapa, anakitoa, anakiweka pale, na hakuna wa kumwuliza kwa nini. Anajisemesha mwenyewe kwa sababu ndiyo mara ya kwanza hakuna mwingine wa kujibu. Mkimfanya mgomvi mnamwonea."

Mzee Odhiambo alinitazama, akaitazama mashine, na mtoto, na ile sufuria moja na kijiko kimoja juu ya kreti.

"Mwanangu," akasema, "wewe ulihama bendi gani?"

"Ya Sengerema, mzee."

Hapo Masanja alicheka mpaka akalala chali kitandani kwangu, na mimi, ambaye nilikuwa nimejiapiza kutocheka na watu wale, nilicheka hadi mtoto akaanza kulia. Tukapatana. Nyimbo za ngoma wapige wakati nafuma, kwa kuwa Leticia alionyesha kwamba kelele ikiwa moja, isiyokatika, analala nayo; kinachomwamsha ni wao kusimamisha na kurudisha nyuma wakitafuta vijembe. Kile kipande kipigwe wakati wa kunyonyesha, mashine ikiwa imenyamaza yenyewe. Na mimi nipewe stuli.

Mwaka uliobaki ulikwenda hivyo. Nikisema tulikuwa marafiki nitakuwa nimeongeza chumvi, maana niliendelea kuwagombeza, hasa umeme uliporudi ghafla na spika zikaamka zimeachwa juu. Lakini mkono wangu ulijifunza kwenda na ngoma za Mwenye Nywele, mpini ukipita kulia kwenye pigo moja na kurudi kwenye jingine, na masweta yalitoka. Mwalimu Bahati alinisemea shuleni kwake, nikapewa ya darasa la kwanza, kisha ya shule nzima. Mzee Odhiambo alinishikia mtoto. Alimfundisha kusikiliza besi kwa kumwekea kiganja mgongoni na kumgonga kwa kidole, na mpaka leo Leticia, ambaye ni mtu wa mahesabu na hapendi muziki, anagonga meza kwa namna ile akifikiri. Siku moja mzee aliniambia, pasipo mtu kumwuliza, "Nimekisikiliza tena. Labda nusu ni tusi, nusu ni kuhamia nyumba." Nikamwambia hiyo nusu namwachia.

Mwenye nyumba wetu alikuwa Ma Koku, Mhaya, mjane, mpishi ambaye sijapata kumwona wa pili. Ndiye aliyenishika kiuno nilipojifungua. Msimu wa senene, wale panzi wa kukaanga, aliwamwaga kwenye sinia, tukakaa kwenye korido tukiwanyonyoa mabawa na miguu, na harufu yao wakikaangwa kwa mafuta yao wenyewe iliwatoa mpaka wateja dukani. Simsemi kwa ubaya. Lakini mjini biashara zilikuwa zinafunguliwa, na yeye alikuwa na nyumba barabarani.

Mwanaume mmoja alianza kuja naye. Alikuwa anauza madishi ya kunasia televisheni za nje, viatu vyake vimechongoka. Aliingia chumbani kwangu akaugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akaugonga tena, akaitazama mashine yangu kama mtu anayetazama jiwe ambalo litahitaji watu wa kulisogeza. Ma Koku akasema anaangalia nyufa. Kesho yake nilikuwa nyuma ya jiko nafua nepi, wao wakiwa ndani wanakula matoke.

"Vyumba viwili, ukuta ukitoka, unapata ukumbi," mwanaume alisema.

"Utatoka. Tuanze na hao wa makelele. Mama Leti mwenyewe analalamika, mtaa mzima unamsikia. Nitapeleka shauri kwa jina lake."

"Na yeye?"

"Huyo ataondoka mwenyewe. Ana kwao."

Nilisimama na nepi mkononi, maji yananitiririkia miguuni. Ana kwao. Nilikiona kivuko, mama mkwe na kijiko changu mahali pake. Nilidhani ningevunja mlango. Sikuvunja. Nilizianika nepi zote, nikazibana vibanio, nikaingia ndani nikafuma, na ndipo nilipojua kwamba hasira nayo inaweza kukaa kimya ikangoja.

Wito wa baraza la kata ulikuja, nimeandikwa mimi mlalamikaji. Nilikwenda na Leticia mgongoni na gauni langu la kanisani. Masanja, mzee na Mwalimu walikuwa wamekaa benchi moja, wameoga, hawaniangalii. Hilo liliniuma kuliko mengine: waliamini kwamba mimi ndiye niliyewashtaki. Mwenyekiti wa baraza, mama mmoja mnene mwenye miwani, alimwacha Ma Koku aseme. Akasema vizuri, kwa huruma, kuhusu mtoto mchanga na mama aliye peke yake, mpaka wazee wakatikisa vichwa.

"Mama Leticia," mwenyekiti akaniuliza, "ni kweli uliwahi kuingia dukani kwao ukachukua kanda kwa hasira?"

"Ni kweli."

"Na mtoto ameshindwa kulala kwa ajili yao?"

"Mara nyingi."

"Na unawagombeza mpaka leo?"

"Hata jana."

"Basi malalamiko ni yako."

"Malalamiko ninayo, mama, lakini si hayo aliyoyaleta."

Karani aliinua kalamu, hajui aiweke wapi. Nikamwambia aandike, nikasema polepole ili asiruke neno.

"Mimi, mama yake Leticia, mpangaji na mfumaji wa masweta, namlalamikia mwenye nyumba wangu. Hasira niliyonayo kwa Masanja na wenzake ni mali yangu. Nimeipata kwa kukosa usingizi, naiwasha nikitaka na naizima nikitaka. Ma Koku ameichukua bila kuniomba, ameileta hapa ili imtoe Masanja chumbani mwake, na baada yake anitoe mimi, ukuta ubomolewe awekwe mwenye madishi. Naomba baraza limwamuru anirudishie hasira yangu. Na wenye duka waachwe palepale walipo, ili nikitaka kuwagombeza niwakute."